UZI: Kumpangia mgonjwa wa Ebola dawa kwa bahati nasibu ni ukatili, au ni haki yake?

Mleta uzi

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Tangu Marburg, ugonjwa wa jamii moja na Ebola, ilipotangazwa tena mkoani Kagera, Januari 2025, nimeona hoja moja ikirudiwa humu mara kwa mara: kwamba mlipuko unapotokea, serikali iruhusu dawa yoyote yenye dalili ya kusaidia igawiwe kwa wagonjwa wote, na watafiti wenye makundi yao ya kulinganisha wakae pembeni hadi watu waache kufa. Hoja hiyo inatokana na huruma, na siibezi. Hata hivyo, nimekaa katika kamati ya maadili ya utafiti kwa miaka kadhaa, na msimamo wangu ni tofauti. Kumgawia kila mgonjwa dawa ambayo haijathibitishwa, bila kulinganisha na chochote, nako ni kufanya jaribio, tena jaribio baya kuliko yote, kwa sababu mgonjwa anabeba hatari nzima na hakuna anayejifunza kitu kwa ajili ya mgonjwa atakayelazwa kesho.

Nianze na kisa kilichowagawa watu wengi. Mwezi Julai 2014 Dkt. Sheik Umar Khan, bingwa wa homa za kuvuja damu nchini Sierra Leone, aliambukizwa Ebola na kulazwa Kailahun. Dawa iitwayo ZMapp ilikuwapo kituoni hapo, lakini ilikuwa haijawahi kutumiwa kwa binadamu hata mmoja. Madaktari waliokuwa wakimtibu walijadiliana kwa uchungu, wakahofia kwamba akifa baada ya kupewa dawa hiyo wananchi wangesema wageni wamemuua, na wakaamua wasimpe. Alifariki tarehe 29 Julai. Siku chache baadaye Wamarekani wawili waliougulia Liberia walipewa dawa hiyo hiyo, wakapona. Hasira iliyofuata barani kote ilikuwa ya haki, na tarehe 11 Agosti jopo la Shirika la Afya Duniani likatamka kwamba katika mazingira ya mlipuko ule ilikuwa sahihi kimaadili kutumia tiba ambazo hazijathibitishwa, mradi masharti fulani yazingatiwe.

Mimi nalitazama kosa la Kailahun kwa jicho lingine. Kwa taarifa zilizochapishwa baadaye, Dkt. Khan mwenyewe hakuulizwa. Alikuwa daktari, tena mjuzi wa magonjwa ya aina hiyo kuliko karibu kila mtu aliyekuwa akimjadili, na bado uamuzi ulipita juu ya kichwa chake. Hilo ndilo la kulaumiwa. Suala la kama ZMapp ingemwokoa halikuwa na jibu siku ile, na kwa bahati mbaya liliendelea kukosa jibu kwa miaka mitano.

Kwa nini miaka mitano? Kwa sababu mlipuko wa Afrika Magharibi, uliowaambukiza watu zaidi ya 28,000 na kuua zaidi ya 11,000, ulikaribia kwisha kabla majaribio hayajaanza ipasavyo. Jaribio la ZMapp lilifanikiwa kuandikisha wagonjwa 72 tu. Kati ya waliopata huduma ya kawaida pekee walikufa asilimia 37, na kati ya walioongezewa ZMapp walikufa asilimia 22. Matokeo hayo yalitia moyo, lakini kwa idadi ndogo kiasi hicho hayakutosha kumhakikishia mtu kwamba tofauti ile haikuwa ya bahati tu. Nchini Guinea dawa ya favipiravir ilitolewa kwa wagonjwa zaidi ya mia moja bila kundi la kulinganisha, na hadi leo hakuna anayeweza kusema kwa uhakika iliwasaidia au haikuwasaidia.

Sasa twende Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo. Mlipuko wa Ebola ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, na kwa miezi ya kwanza madaktari waliruhusiwa kuchagua wenyewe miongoni mwa dawa zilizokuwapo, chini ya utaratibu maalumu wa dharura. Tarehe 20 Novemba likaanza jaribio la Pamoja Tulinde Maisha, likiongozwa na taasisi ya utafiti wa tiba ya Kongo, INRB, chini ya Profesa Jean-Jacques Muyembe, kwa ushirikiano na Wamarekani. Hapakuwa na kundi lililoachwa bila dawa. Kila mgonjwa alipewa maji ya mishipa, alipimwa sukari na chumvi za damu, alitibiwa malaria na maambukizi mengine, na juu ya hayo akapangiwa kwa bahati nasibu mojawapo ya dawa nne: ZMapp, remdesivir, mAb114 au REGN-EB3. Wajawazito na watoto wachanga walijumuishwa, jambo ambalo majaribio mengi hulikwepa kwa kisingizio cha kuwalinda.

Mwezi Agosti 2019, wagonjwa 681 wakiwa wameshaandikishwa, bodi huru iliyokuwa ikifuatilia takwimu iliagiza upangaji wa bahati nasibu usitishwe kabla ya idadi iliyokusudiwa kufikiwa. Waliopewa ZMapp walikuwa wamekufa kwa karibu asilimia 50, na wa remdesivir kwa asilimia 53. Waliopewa mAb114 walikufa kwa asilimia 35, na wa REGN-EB3 kwa asilimia 34 hivi. Kuanzia hapo wagonjwa walipewa mojawapo ya hizo mbili tu.

Naomba msomaji atulie hapo kidogo. ZMapp ndiyo dawa ambayo dunia nzima ilikasirika kwamba Mwafrika amenyimwa. Kama mwaka 2018 tungefuata huruma peke yake, tungeichagua hiyo kwa kila mgonjwa wa Beni, Mangina, Katwa na Butembo, na tungewapa walio wengi dawa hafifu huku ile bora ikikaa kwenye jokofu la jirani. Daktari anayekiri kwamba hajui ipi kati ya nne ni bora, kisha akaiachia bahati nasibu ichague na kuhesabu matokeo, hamkosei heshima mgonjwa wake.

Nakaribisha hoja, hasa za wanaopinga.

Sista wa Kanda ya Ziwa

Mleta uzi, nakushukuru kwa uzi uliotulia. Mimi ni muuguzi, na nimewahi kushiriki kuchukua ridhaa za wagonjwa katika tafiti mbalimbali, nyingine zikiwa ndani ya wodi ya kutengwa. Nina jambo la kuongeza, kwa sababu maandishi ya wanakamati hulipita haraka.

Umevaa gauni, miwani, barakoa na glavu jozi mbili. Jasho linakutiririka machoni na huwezi kulifuta. Mgonjwa anaona macho yako tu, tena kwa shida. Ana homa, ametapika usiku kucha, na mwenzake wa kitanda cha pili ametolewa alfajiri akiwa amefunikwa. Wewe una fomu ya kurasa nyingi yenye maneno kama "hatari zinazoweza kujitokeza" na "haki ya kujitoa wakati wowote". Kila ukimaliza aya moja, mgonjwa anasema, "Ndiyo, daktari." Ukimuuliza ameelewa nini, anasema, "Mnataka kunitibu." Akishasaini, karatasi ile haiwezi kutoka eneo jekundu kwa sababu imeguswa, inabidi uinyanyue mbele ya kioo au plastiki ili aliyeko upande wa pili aipige picha.

Ninauliza kwa nia njema: hiyo tunaiitaje ridhaa? Mtu asiye na hospitali nyingine ya kwenda, wala nguvu za kunyanyuka kitandani, anakataa vipi?

Kilichonisaidia ni kuacha kusoma fomu na kuanza kuzungumza. Ninamweleza jambo moja, ninamwomba anirudishie kwa maneno yake, ninamwacha apumzike, kisha ninaendelea baadaye. Ndugu yake anasikiliza kutoka ng'ambo ya uzio na kuuliza anayotaka kuuliza. Inachukua muda mrefu, na wasimamizi wa utafiti hawapendi kwa sababu kila saa ina thamani kwa mgonjwa wa aina hiyo. Mara nyingi, hata hivyo, swali la maana lilitoka kwa huyo wa uzioni: "Akikataa, mtaendelea kumwekea maji?" Jibu la swali hilo lingestahili kuwa mstari wa kwanza wa kila fomu, na mimi nimelikuta ukurasa wa nne.

Mtu wa Goma

Ndugu mwandishi, takwimu zako ni sahihi, lakini umeifikia Beni mwaka 2018 kana kwamba Beni ilizaliwa siku hiyo. Watu wa kule walikuwa wakichinjwa tangu 2014 na dunia haikuleta hata hema. Kisha ikaja Ebola, na kwa wiki chache tu yakaonekana magari meupe, mishahara ya dola na mikutano ya hoteli. Desemba 2018 wananchi wa Beni na Butembo wakaambiwa hawatapiga kura pamoja na wenzao wa nchi nzima, na sababu mojawapo iliyotajwa ilikuwa Ebola. Siku iliyofuata tangazo hilo kituo kimoja cha Beni kikavamiwa na waandamanaji. Mwaka uliofuata vituo vya Katwa na Butembo vikachomwa moto, na mwezi wa nne Dkt. Richard Mouzoko, raia wa Kameruni aliyekuwa akifanya kazi na Shirika la Afya Duniani, akauawa kwa risasi Butembo.

Katika hali hiyo unapomwambia mama kwamba mtoto wake atapewa dawa "kwa bahati", yeye anasikia kwamba wamekuja kumchezea mtoto wake kamari. Kukataa kwake kunatokana na kumbukumbu, na wataalamu wengi walikuita ujinga.

Vilevile usisahau kwamba huyo Profesa Muyembe unayemtaja, mwaka 1995 Ebola ilipolipuka kule Kikwit, Kongo, aliwaongezea wagonjwa wanane damu ya watu waliokwisha kupona. Wageni walimpinga. Saba kati ya wanane walipona. Hapakuwa na bahati nasibu hapo; palikuwa na daktari Mkongomani aliyekataa kukaa na kutazama.

Mleta uzi

Sista, umenigusa mahali penyewe, na nakubaliana nawe kuhusu ukurasa wa nne. Niongeze tu kwamba ridhaa ya mgonjwa mahututi haiwezi kuwa ukuta pekee unaomlinda. Ndiyo maana kuna kamati ya maadili ya nchi yenyewe, kuna bodi huru inayotazama takwimu wakati jaribio likiendelea, na kuna kanuni kwamba asiyeshiriki apate huduma ile ile ya msingi. Mgonjwa anapokuwa hawezi kukataa kwa uhuru kamili, wale wanaoweza kukataa kwa niaba yake wanatakiwa wawe wakali zaidi. Kamati inayopitisha maombi yote inayoletewa wakati wa mlipuko haimsaidii mtu.

Ndugu yangu wa Goma, kuhusu Kikwit ninavua kofia, lakini kisa hicho hakikuishia hapo. Saba kati ya wanane ni matokeo ya kushangaza katika mlipuko ulioua takribani wanne kati ya kila watano. Hata hivyo, wagonjwa wale waliongezewa damu mwishoni mwa mlipuko, wakati huduma imeshaboreka, na baadhi yao walikuwa wameshavuka siku za hatari zaidi. Mwaka 2015, huko Conakry, Guinea, majimaji ya damu ya waliopona yalitolewa kwa wagonjwa 84 na matokeo yao yakalinganishwa na ya wagonjwa waliotibiwa kituoni hapo kabla. Hawakuonekana kupona zaidi kwa kiwango cha kuaminika. Je, Profesa alikosea mwaka 1995? Hapana. Alifanya alichoweza kwa alichokuwa nacho, katika hospitali ambako wauguzi wake walikuwa wakifa. Ila yeye huyo huyo, baada ya miaka zaidi ya ishirini, ndiye aliyesimamia jaribio la bahati nasibu katikati ya vita, na nadhani Kikwit ilichangia. Zaidi ya hayo, kingamwili ya mAb114 ilipatikana katika damu ya mtu mmoja aliyenusurika Kikwit. Wazo la 1995 lilikuwa na ukweli ndani yake. Kilichokosekana kilikuwa njia ya kuupata.

Kuhusu kumbukumbu za Beni sina la kupinga. Nitasema tu kwamba hoja yako inalaumu namna ya kuja kwa wageni, na wangelaumika hivyo hivyo hata kama wangekuja kugawa dawa bila utafiti wowote.

Wakili Msomi

Nimesoma kwa makini. Kwa kuwa hakuna aliyetaja Kano, nitaitaja mimi, maana kwa wengi wetu hofu ilianzia hapo.

Mwaka 1996 kaskazini mwa Nigeria kulikuwa na mlipuko mkubwa wa homa ya uti wa mgongo. Kampuni ya Pfizer ilifika katika hospitali ya magonjwa ya kuambukiza ya Kano na kuwaandikisha watoto 200. Nusu walipewa dawa yake mpya ya trovafloxacin, na nusu wakapewa ceftriaxone, dawa iliyokuwa ikijulikana. Katika eneo hilo hilo Madaktari Wasio na Mipaka walikuwa wakitibu watoto kwa kloramfenikoli. Walikufa watoto 11, watano katika kundi la dawa mpya na sita katika kundi la pili. Familia zilidai kwamba hazikuelezwa kuwa ni utafiti, na kwamba dawa ya kulinganishia ilitolewa kwa kipimo kidogo; barua ya idhini ya kamati ya maadili nayo ilidaiwa kuandikwa baadaye na kurudishwa tarehe nyuma. Kampuni ilikanusha kutenda kosa, na mwaka 2009 ikafikia makubaliano na Jimbo la Kano ya dola milioni 75. Katikati ya hapo, mwaka 2003, Kano iligomea chanjo ya polio, na wengi wamehusisha mgomo huo na yaliyotokea 1996.

Tazameni jambo hili: kitakwimu jaribio la Kano lilikuwa na makundi mawili, tena yote yakipewa dawa. Kwa kipimo cha mleta uzi lingeonekana zuri. Kwa hiyo kupanga makundi peke yake hakumtakasi mtafiti. Tena mwezi Aprili 2020, daktari mmoja wa Ufaransa alipouliza kwenye televisheni kama chanjo ya BCG dhidi ya korona isingejaribiwa Afrika, kwa kuwa huko hakuna barakoa wala vyumba vya mahututi, alikuwa anatoa hoja ya Kano kwa sauti ya upole: huduma zenu ni duni, kwa hiyo ninyi ndio mnaotufaa.

Mleta uzi

Wakili, umeweka kidole penye jipu, na ninalazimika kuunyoosha msimamo wangu. Bahati nasibu inakuwa halali pale tu ambapo jaribio linaiinua huduma ya mahali lilipo. Likitegemea uduni wa huduma hiyo ili lipate majibu, halifai. Mfano ninaoupenda ni wa juzi tu. Katika jaribio la dawa ya tecovirimat kwa wagonjwa wa mpox nchini Kongo, ambalo matokeo yake yalitangazwa Agosti 2024, washiriki walikuwa karibu 600, na nusu yao walipewa vidonge visivyo na dawa ndani. Dawa ilishindwa: vidonda havikupona haraka zaidi. Lakini katika makundi yote mawili kwa pamoja walikufa asilimia 1.7, ilhali vifo vya mpox nchini humo vilikuwa asilimia 3.6 au zaidi. Kulazwa, kulishwa, kusafishwa vidonda na kutibiwa maradhi mengine kuliambatana na vifo vichache zaidi hata kwa waliopewa kidonge kitupu. Matokeo hayo yanampa heshima aliyewahudumia wagonjwa wale, na wakati huo huo yanaziaibisha wizara na wafadhili wanaosubiri utafiti ndipo walete dripu.

Jambo la pili ni matayarisho, kwa sababu mlipuko haumsubiri mtu aandike andiko la utafiti. Uganda ilitangaza Ebola ya aina ya Sudan tarehe 20 Septemba 2022, na chanjo za majaribio zilitua Entebbe tarehe 8 Desemba, mgonjwa wa mwisho akiwa ameshatoka hospitali. Walikufa watu 55 waliothibitishwa, na hatukujifunza lolote kuhusu chanjo hizo. Waganda hawakukaa wakalalamika. Andiko lilibaki tayari, dozi zikahifadhiwa Kampala, watu wakafundishwa, na mlipuko ulipotangazwa tena tarehe 30 Januari 2025, jaribio la chanjo lilizinduliwa tarehe 3 Februari. Sisi hapa Kagera tumepata Marburg mara mbili, 2023 na 2025, na katika mara hizo mbili hakuna jaribio lililofanyika. Wagonjwa kumi wa Biharamulo, mwaka 2025, wengi wao wakiwa hawajathibitishwa kwa kipimo cha maabara, wote walifariki.

Sista wa Kanda ya Ziwa

Hapo kwa Biharamulo naungana nawe kabisa. Swali langu la mwisho: zile dawa mbili zilizoshinda Beni ziko wapi sasa? Mgonjwa akipatikana kesho upande wetu wa mpaka, nitazipata?

Mleta uzi

Sista, hapo ndipo ninapokosa usingizi. Zote mbili ziliidhinishwa Marekani mwaka 2020, na Shirika la Afya Duniani likazipendekeza rasmi Agosti 2022. Haki za mAb114 zilikuwa zimeshapewa kampuni ya Marekani. Baadaye Madaktari Wasio na Mipaka walilalamika hadharani kwamba karibu akiba yote ya dawa hizo inakaa kwenye maghala ya usalama ya Marekani, na kwamba katika milipuko iliyofuata wagonjwa wengi hawakuzipata. Yaani damu ilitoka Kikwit, hatari ikabebwa na watu wa Beni na Butembo, na funguo za ghala ziko kwingine. Tena zinatibu Ebola ya aina ya Zaire pekee. Kwa Marburg hazifai.

Kwa hiyo nikirudi kwenye meza ya kamati, andiko la mlipuko likiletwa, nitaanza kulisoma kutoka nyuma, kwenye kifungu kinachosema dawa ikifaulu itawekwa nchi gani, dozi ngapi, kwa bei gani, na nani ataweza kuitoa ghalani usiku wa manane bila kuomba kibali ng'ambo. Maandiko mengi niliyosoma yanajibu hayo kwa sentensi moja isiyo na tarehe wala idadi, nayo ni sababu ya kutosha ya kulirudisha andiko kwa wenyewe, hata kama mpangilio wa makundi yake hauna dosari.

Mtu wa Goma

Ongeza na nani ataiba funguo. Lakini kwa hilo la kusoma kutoka nyuma, nakuunga mkono.